Divai ya Siku za Kazi

Wengi wetu tuliijua divai kwanza kanisani. Tuliiona katika kichupa cha kioo karibu na altare, kidogo tu, na padri akaitia tone la maji. Basi mtu aliyezoea hivyo akisikia ya kuwa huko Ufaransa mwashi wa matofali anarudi nyumbani Jumanne jioni, anavua viatu, anakaa mbele ya sahani ya maharagi na kipande cha nyama ya nguruwe, na kunywa glasi ya divai nyekundu, hushangaa kidogo. Si Noeli, si arusi, hakuna mgeni. Ni Jumanne tu. Na chupa yenyewe ilinunuliwa kwa bei ndogo katika duka la jirani, pamoja na chumvi na sabuni.

Lakini tusishangae mno. Kivu watu wana kasiksi yao ya ndizi, Katanga wana munkoyo, wala hakuna anayeuliza sikukuu iko wapi. Kila nchi hunywa kinachotoka katika udongo wake. Lililo gumu zaidi kufahamu ni hili: watu wengi, hata Wafaransa wenyewe, hudhani ya kuwa glasi ile ya jioni ni desturi ya tangu mababu, na kwamba maskini wa Ufaransa waliinywa siku zote. Mzabibu ni wa kale, kweli. Divai ya bei ndogo juu ya meza ya mfanyakazi haina umri mkubwa. Ilichelewa kufika, na mpaka ilipofika watu wengine walikuwa wamefilisika, na wengine wamepigwa risasi. Habari hizo ndizo tunazotaka kuwasimulia.

Mizabibu ilifika pwani ya kusini pamoja na Wagiriki waliojenga mji wa Marseille, karibu miaka 600 kabla ya Kristo, na Warumi wakaieneza. Watawa wakaitunza. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki katika karne ya 6, aliwaruhusu hemina moja ya divai kwa siku, kipimo cha Kirumi cha kama robo lita. Wamonaki wa Cîteaux walilima mizabibu ya Bourgogne, na ukuta wa shamba lao la Clos de Vougeot ungali umesimama. Hayo yamesimuliwa mara nyingi, tuyaache. Wakuu walikunywa, watawa walikunywa, wenye mali wa mijini walikunywa. Je, yule aliyeshika jembe?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kujua kwanza jinsi divai nyekundu inavyofanywa. Zabibu nyeusi hupondwa, na maji yake huachwa siku kadhaa pamoja na maganda, yakichacha. Maganda ndiyo yanayotia rangi, na ule ukali unaokaza ulimi, ambao hupatana vizuri na mafuta ya nyama. Kisha divai huondolewa, na maganda yaliyobaki hukamuliwa kwa nguvu. Sasa kwa mkulima maskini kazi haikuishia hapo. Alichukua yale maganda makavu, akayamwagia maji, akangoja siku chache, akapata kinywaji chepesi, kichungu kidogo, chenye rangi ya waridi. Wafaransa walikiita piquette. Divai ya kweli iliwekwa katika pipa na kuuzwa ili kulipa kodi. Mwenye shamba la mizabibu alikunywa maji ya maganda. Sisi tunaojua wakulima wa kahawa ambao hawajapata kuonja kikombe cha kahawa yao nzuri, tunafahamu jambo hilo bila kufafanuliwa.

Huko Paris kulikuwa na shida nyingine. Kila pipa lililoingia mjini lilitozwa ushuru kwenye malango, na ushuru huo ulikuwa mzito hata mfanyakazi akishika chupa mkononi, sehemu kubwa ya fedha yake ilikwenda kwa mtoza ushuru. Kwa hiyo siku ya Dominika watu walitoka nje ya mji kwa miguu, wakanywa katika vilabu vilivyosimama hatua chache tu kupita malango. Kisha serikali ya mfalme ikajenga ukuta mpya kuuzunguka mji wote. Katika vitabu vya shule tulifundishwa juu ya gereza la Bastille, lililovunjwa tarehe 14 Julai 1789. Hatukuambiwa ya kuwa siku mbili tatu kabla ya hapo watu wa Paris walikuwa wamekwisha kuyachoma moto malango ya ushuru. Walitaka uhuru, ndiyo, na walitaka pia divai isiyotozwa mlangoni.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa gari la moshi. Katika miaka ya 1850 njia za reli ziliunganisha Paris na pwani ya kusini. Kule Languedoc, katika tambarare za Béziers na Narbonne, jua ni kali na mvua ni chache, na mizabibu huzaa sana. Zamani divai yao ilikuwa kizito kusafirisha, hata nyingi ilichemshwa ili kufanya pombe kali. Sasa iliweza kufika kaskazini kwa siku chache na kwa gharama ndogo, na viwanda vya kaskazini vilikuwa vimejaa watu wenye kiu. Watu wa Languedoc wakaacha ngano, wakaacha kondoo, wakapanda mizabibu kila mahali. Walipenda hasa aina iitwayo Aramon, ambayo huzaa vishada vikubwa ajabu; divai yake ni nyepesi na rangi yake ni hafifu, lakini ni nyingi. Mwaka 1875 Ufaransa yote ilivuna zaidi ya hektolita milioni 80, na hektolita moja ni lita 100. Basi ndipo mfanyakazi wa mjini alipoanza kuona divai mezani siku za kazi.

Nchi nzima ikategemea mmea mmoja. Mnaona hatari yake.

Hata kabla ya mavuno yale makubwa, katika mwaka 1863, mizabibu ya upande wa Gard ilikuwa imeanza kukauka bila sababu iliyoonekana. Majani yaligeuka manjano, mashina yakafa. Mwaka 1868 mwalimu Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake wawili walichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai kidogo, wakatazama kwa kioo cha kukuza, wakakuta vidudu vidogo sana vya manjano vikifyonza. Ni filoksera, chawa wa mizabibu aliyetoka Amerika pamoja na miche. Watu walijaribu kila dawa. Walifurikisha mashamba kwa maji, wakatia sumu ardhini, wakapanda katika mchanga wa pwani ambamo chawa huyo hawezi kuishi. Mwisho dawa ilitoka kule kule ugonjwa ulikotoka: mizizi ya mizabibu ya Amerika ilizoea chawa, basi wakapandikiza mzabibu wa Ufaransa juu ya mzizi wa Amerika. Hata leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa husimama juu ya mizizi ya kigeni.

Lakini kupandikiza nchi nzima ni kazi ya miaka, na watu wa mjini waliokwisha kuzoea glasi yao hawakutaka kungoja. Hapo wafanya biashara wakatumia akili zao, na akili zenyewe hazikuwa njema. Walileta meli za zabibu kavu kutoka Ugiriki na Uturuki, wakazilowesha majini, wakatia sukari, wakaziacha zichache, wakauza. Wengine hawakuhitaji hata zabibu kavu. Walichukua maganda yaliyokwisha kukamuliwa, maji, na sukari nyingi ya viazi-sukari vya kaskazini, kisha rangi. Ni piquette ile ile ya maskini, ila sasa ilivaa jina la divai na kuuzwa kwa bei ya divai. Mwaka 1889 ilitoka sheria ya kusema divai ni nini: kinywaji kilichotoka katika zabibu mbichi peke yake. Sisi Wakatoliki tulikuwa na sheria kama hiyo tangu zamani kwa ajili ya Misa, kwa maana divai ya altare ni lazima itoke katika tunda la mzabibu, isiyoharibika wala kuchanganywa na kitu kigeni. Sheria ya Kanisa ilikuwa na mapadri wa kuishika. Sheria ile ya serikali ilikuwa na waangalizi wachache mno.

Basi karibu mwaka 1900 mizabibu mipya ilikuwa imekua na kuanza kuzaa kwa wingi. Na divai ya sukari haikukoma. Zote mbili zikakutana sokoni, pamoja na divai iliyoletwa kutoka Algeria. Bei ikaanguka. Miaka mingine mkulima wa Languedoc alipewa faranga 10 kwa hektolita moja, hata chini ya hapo, na kuilima kulimgharimu zaidi. Mapipa yalikaa yamejaa. Mavuno mapya yalipokuja wengine walimwaga divai ya zamani mtaroni. Mfanyakazi wa Paris alifurahi: hajapata kunywa kwa bei ndogo namna hii. Mwashi akinywa kwa senti chache, na mwenye mizabibu akikopa mkate dukani, na katikati yao mtu wa tatu akitajirika kwa sukari: ndivyo mambo yalivyosimama.

Katika kijiji cha Argelliers, karibu na Narbonne, alikaa mtu jina lake Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye kilabu cha kahawa, mwembamba, mwenye ndevu nyeusi. Hakuwa na cheo cho chote. Alisema neno moja tu miaka yote, nalo ni kwamba divai ya uongo inaiua divai ya kweli. Tarehe 11 Machi 1907 wakulima 87 wa kijiji chake walikwenda kwa miguu mpaka Narbonne kuwaona wabunge waliotumwa kutoka Paris kuchungua shida yao. Watu 87! Tangu hapo kila Dominika mkutano ulikuwa mkubwa zaidi. Mei 5 Narbonne, Mei 12 Béziers, kisha Perpignan, Carcassonne, Nîmes. Tarehe 9 Juni huko Montpellier walikusanyika watu wapatao nusu milioni, wanaume, wanawake na watoto, wengine wamesafiri usiku kucha.

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu ya jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Watu hao wote walilala wapi? Mji haukuweza kuwapokea. Askofu wa Montpellier, Mhashamu de Cabrières, alikuwa mzee, mtu wa ukoo mkubwa, mpenda wafalme. Katika wakulima wale wengi walikuwa wajamaa au watu wa jamhuri, ambao hawakumpenda, wala hawakuficha. Tena ilikuwa miaka miwili tu tangu sheria ya 1905 iliyotenga Kanisa na serikali, na mwaka uliopita watu walikuwa wamegombana milangoni mwa makanisa juu ya kuhesabiwa kwa mali za Kanisa. Hata hivyo Askofu akaagiza milango ya kanisa kuu na ya makanisa mengine ya mji ifunguliwe usiku ule, kusudi wanawake, watoto na waliochoka wapate mahali pa kulala. Wakalala juu ya viti na juu ya mawe. Hakuuliza nani anakwenda Misa. Mwaka 1911 Papa Pio X alimfanya Kardinali, na alikufa mwaka 1921. Wazee wa Languedoc waliyasema maneno ya usiku ule kwa muda mrefu, hata wasiopenda mapadri.

Baada ya Montpellier mambo yaliharibika. Meya wa Narbonne, mganga Ernest Ferroul, alijiuzulu na kutundika bendera nyeusi. Mameya wengi wakamfuata. Georges Clemenceau, aliyekuwa Waziri Mkuu na tena Waziri wa mambo ya ndani, akapeleka askari. Tarehe 19 Juni Ferroul akafungwa, na siku ile na ya kufuata askari wakapiga risasi katika njia za Narbonne. Watu kadhaa wakafa, kati yao msichana wa miaka 20 aliyekuja mjini kwa ajili ya soko tu. Habari zilipofika Agde, askari kama 500 wa kikosi cha 17, ambao wengi wao walikuwa wana wa nchi ile ile, walikataa kutii. Wakachukua silaha, wakatembea usiku kilometa 20 hivi mpaka Béziers, ili wasije wakaamriwa kuwapiga baba zao. Watu wa mji wakawaletea mkate na divai. Hawakumwaga damu, wakakubali kurudi kambini, kisha wakapelekwa Gafsa, jangwani Tunisia.

Na Marcelin Albert? Alijificha, akapanda gari la moshi kwa siri, akaenda kuonana na Clemenceau mwenyewe, tarehe 23 Juni. Alikuwa mtu mnyofu, na Waziri alikuwa mjanja. Waziri akamhimiza awatulize watu, kisha akampa noti ya faranga 100 ya nauli ya kurudia nyumbani. Albert akaipokea. Clemenceau akawaambia waandishi wa magazeti. Kufika kwao, watu waliomwita mkombozi wakamwita msaliti aliyenunuliwa. Alikufa maskini mwaka 1921. Tumeifikiria sana noti ile. Hatuoni kosa katika mtu asiye na nauli kupokea nauli, lakini lazima tukiri ya kuwa katika siasa maskini hasamehewi hata nauli.

Walichokidai walikipata. Sheria ya tarehe 29 Juni 1907 iliamuru kila mkulima atangaze hesabu ya divai aliyovuna, na sukari ya kutia katika divai ikatozwa kodi zaidi. Mwaka ule ule ikawekwa idara ya kuwinda divai za uongo. Na wakulima wadogo wakaanza kuungana. Kijiji cha Maraussan kilikuwa kimewatangulia: tangu 1901 wakulima wake waliunda ushirika, wakauza divai yao moja kwa moja kwa vyama vya wafanyakazi wa Paris, bila yule mtu wa katikati. Vyama vya namna hiyo vilienea Languedoc yote, na hata leo katika vijiji vingi jengo kubwa kuliko kanisa ni ghala ya ushirika wa divai.

Lakini bado nusu ya Ufaransa haikunywa divai. Bretagne na Normandie walikunywa maji ya matofaa yaliyochacha, kaskazini walikunywa bia. Ilikuwa vita ya 1914 iliyobadili hayo. Wakulima wa kusini walitoa hektolita 200,000 bure kwa askari waliojeruhiwa, na serikali ikaanza kumpa kila askari robo lita kwa siku. Mwaka 1916 ikawa nusu lita. Askari waliiita pinard. Ilikuwa divai nyekundu ya kawaida, ya Languedoc na ya Algeria, imechanganywa tu, imesafiri katika mapipa ya reli. Kijana wa Bretagne asiyejua divai ila ya altare aliinywa katika mahandaki yenye matope pamoja na supu iliyopoa. Aliyerudi hai alirudi na desturi hiyo. Kwa hiyo mtu akituuliza glasi ya jioni ilikuwa desturi ya Wafaransa wote tangu lini, tutajibu: tangu 1918.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka yake mikubwa. Divai zenye jina la mahali zilipata sheria yao mwaka 1935, lakini divai ya siku za kazi haikuwa na jina. Iliuzwa kwa nguvu yake: dukani mtu aliomba ya digrii 10 au ya 11. Chupa ilikuwa ya lita moja, nzito, yenye nyota shingoni, nayo ilirudishwa dukani ikiwa tupu, na mtoto aliyetumwa alipewa senti za chupa. Nyumbani waliinywa katika glasi nene zisizo na mguu, mara nyingi wakiongeza maji. Watoto walisoma namba iliyoandikwa chini ya glasi, wakasema ndiyo umri wao, wakacheka. Kusini-magharibi baba wa nyumba, supu ikikaribia kwisha, alimimina divai ndani ya bakuli, akaitikisa, akainywa moja kwa moja. Jamani, hilo si jambo la kufanya mbele ya wageni, lakini waliolijaribu wanalisifu.

Tusifiche ubaya wake. Wengi hawakusimama kwenye glasi moja. Katika miaka ya 1950 serikali ililazimika kuwaambia wafanyakazi wasizidi lita moja kwa siku, na hiyo peke yake yatosha kuonyesha walivyokunywa. Mpaka mwaka 1956 watoto wadogo walipewa divai yenye maji katika chakula cha shule. Mwaka huo ilikatazwa kwa walio chini ya miaka 14. Nyumba zilizoharibika hatuna hesabu yake.

Karibu na mwaka 1960 kila Mfaransa, tukigawanya sawasawa, alikunywa zaidi ya lita 100 za divai kwa mwaka. Leo hazifiki nusu yake. Watu hawafanyi tena kazi ya jembe na nyundo siku nzima. Mchana wanakula haraka. Vijana wanapenda bia au maji yenye sukari. Mchana glasi imetoweka, na jioni imebaki kwa wengine tu, labda siku mbili tatu kwa juma. Wanaokunywa kidogo wanataka divai bora, na Languedoc imejifunza: Aramon imeng'olewa karibu yote, na kwa euro tatu au nne mtu hupata chupa ya Grenache au Carignan ambayo babu yake angeiweka kwa ajili ya Pasaka. Hilo ni jema, na tunalisema bila shaka. Mnywaji hajapata kuwa na bahati kama leo.

Mwenye shamba ndiye aliyebaki na swali lake la mwaka 1907: bei. Mwaka 2024 serikali ya Ufaransa iliahidi euro 4,000 kwa kila hektari kwa mkulima anayekubali kung'oa mizabibu yake asiipande tena, na katika tambarare za Béziers na Narbonne wengi walijiandikisha. Mashina yaliyong'olewa hayatupwi. Hukatwa na kukaushwa, kwa maana kaa lake ni kali na harufu yake ni nzuri kwa kuchomea nyama. Jioni ya siku ya kazi mtu huwasha kidogo nyuma ya nyumba, anaweka vipande vya nyama ya nguruwe juu ya wavu, anamwita mkewe alete mkate, na kufungua chupa ya ushirika.